Mlango wa Mbita na mafunjo ya ziwani: Historia ya maji yaliyozibwa Homa Bay na Migori

KWA zaidi ya miaka thelathini, maji ya Ziwa Victoria hayakupita kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga. Mkono mwembamba wa maji uliotenganisha kisiwa na bara, ambao wenyeji waliuvuka kwa mitumbwi na mashua tangu enzi za mababu zao, ulijazwa mawe na udongo mapema miaka ya 1980 ukageuzwa kuwa barabara. Magari yakafika Rusinga. Maji nayo yakakosa njia.

Habari za Mbita zinajulikana na wengi katika eneo la Nyanza Kusini, lakini mara nyingi husimuliwa peke yake, kana kwamba tuta lile ndilo lililokuwa chanzo na mwisho wa matatizo yote ya ziwa. Ukweli ni kwamba kuzibwa kwa mlango huo ni sehemu moja tu ya mabadiliko makubwa zaidi yaliyokumba vijito, vinamasi na mafunjo ya kaunti za Homa Bay na Migori katika kipindi kisichozidi miaka mia moja na ishirini.

Ili kuyaelewa mabadiliko hayo, yafaa kwanza kuitazama ramani. Ghuba ya Winam, iliyojulikana wakati wa ukoloni kama Ghuba ya Kavirondo, ni mkono wa ziwa unaoingia bara umbali wa takriban kilomita 60 hadi mjini Kisumu. Jina Winam kwa Kiluo lina maana ya kichwa cha ziwa. Ghuba hiyo ni ya kina kifupi, hasa upande wa Kisumu, na inaungana na ziwa kuu kwa njia mbili pekee. Ya kwanza ni pana na yenye kina kirefu, nayo ipo kaskazini mwa Rusinga, kati ya kisiwa hicho na Uyoma katika Kaunti ya Siaya. Ya pili ilikuwa ni huo mlango mwembamba wa Mbita, upande wa kusini.

Mji wa Homa Bay, Kendu Bay na ufuo wote wa Karachuonyo huelekea ghuba hiyo. Mito ya Awach Kibuon na Awach Tende, pamoja na Olambwe unaopita katika Bonde la Lambwe, hupeleka maji yake humo. Migori ni tofauti. Mito yake mikubwa, Kuja na Migori, hukutana Nyatike na kumwaga maji katika ziwa lenyewe, nje ya ghuba. Kwa hivyo kaunti hizi mbili jirani zinategemea maji ya namna mbili: moja inaishi kando ya beseni lililofungika nusu, nyingine inaishi mdomoni pa mto mkubwa unaofurika.

Kiboko wa Nyayanga

Wanadamu na jamaa zao wa kale wamekuwa wakitafuta riziki katika ardhi oevu ya sehemu hizi kwa muda mrefu kuliko karibu mahali pengine popote panapojulikana duniani. Mnamo Februari 2023, watafiti waliokuwa wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walitangaza matokeo ya uchimbaji wao huko Nyayanga, kwenye Rasi ya Homa. Walipata zana za mawe zilizokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokuwa na alama za kukatwa. Aliyeshika mawe yale, awe nani, alimchuna kiboko karibu na maji.

Si mbali na hapo, Kanjera, kuna zana nyingine zenye umri wa takriban miaka milioni mbili. Louis Leakey alifanya uchunguzi Kanam na Kanjera mapema miaka ya 1930, na mkewe Mary Leakey akagundua fuvu maarufu la nyani wa kale kisiwani Rusinga mwaka wa 1948. Msomaji atatambua kwamba majina haya yote ni ya sehemu zilizo kandokando ya maji. Mashapo yaliyotuama taratibu kando ya maziwa na vijito vya kale ndiyo yaliyohifadhi mifupa hiyo.

Upande wa Migori, maporomoko ya Gogo katika Mto Kuja yalichimbuliwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1980. Hapo zilipatikana athari za wavuvi na wawindaji waliotumia vyungu vya aina ya Kansyore, na juu ya tabaka zao, athari za watu waliofuga mifugo. Wavuvi hao walichagua mahali ambapo samaki waliopanda mto kwenda kutaga walizuiwa na maporomoko, wakawa rahisi kunaswa. Mbinu hiyo hiyo ilidumu katika mito ya Nyanza hadi karne ya ishirini: uzio wa fito na matete uliokatiza mto, ambao Waluo huuita kek, uliwekwa wakati wa mvua ili kumkamata ningu, samaki aliyetoka ziwani kwa makundi makubwa na kupanda mitoni kuzaa.

Abasuba walikuwa wamekwisha kutia mizizi Rusinga na Mfangano, nao Waluo walivuka ghuba na kuenea kusini mwake hasa katika karne za 17 na 18. Boma la mawe la Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, ambalo lilitiwa katika Orodha ya Turathi za Dunia na UNESCO mwaka wa 2018, ni ushahidi wa jinsi wakazi wa enzi hizo walivyopanga makao yao. Halikujengwa mabondeni ziwani. Watu waliishi juu na kushuka kwenye mafunjo kufanya kazi, kisha wakarejea makwao.

Kazi ya togo

Mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, ni mmea wa majini unaoweza kufikia urefu wa mita nne au zaidi. Mizizi yake hufumana na kufanya mkeka mzito unaoelea au kushika tope la ukingoni. Maji ya mto yanapoingia humo, mwendo wake hupungua, udongo hutuama, nayo mbolea iliyosombwa kutoka mashambani hufyonzwa na mimea. Kinachotoka upande wa pili ni maji safi kiasi.

Kwa wakazi wa kando ya ziwa, togo ilikuwa mali. Ilisukwa mikeka, vikapu na mitego ya samaki. Iliezekwa, ikazungushiwa nyua, na iliyokauka ikawa kuni. Mafunjo yaliyokatwa kwa utaratibu huchipuka tena na kukomaa katika muda usiozidi mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo si kukata kulikoyamaliza. Kilichoyamaliza ni kuyachoma na kuyang'oa mizizi ili kupata shamba la nduma, sukuma wiki au mahindi wakati wa kiangazi, na baadaye kiwanja cha kujengea.

Kuna jambo jingine kuhusu mafunjo ambalo halikufahamika vyema hadi miaka ya karibuni. Maji yaliyo ndani ya kinamasi cha mafunjo yana hewa chache sana ya oksijeni. Kamongo, ambaye hupumua hewa ya juu, na kambare huyamudu bila taabu. Baadhi ya samaki wadogo wa jamii ya fulu nao huyavumilia. Mbuta hayawezi. Alipoenea ziwani na kuwala fulu kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana, kingo za mafunjo na maziwa madogo yaliyozungukwa na mafunjo ndizo zilizobaki kuwa kimbilio la baadhi ya samaki wa asili, akiwemo ngege.

Ndege pia. Kipwe wa mafunjo, ndege mwenye kifua chekundu asiyeishi mahali pengine ila ndani ya mimea hiyo, pamoja na kucha na chiriku wadogo wachache, ndio waliowafanya watafiti kuanza kuyapima mafunjo ya Ghuba ya Winam kwa picha za angani. Matokeo ya vipimo hivyo yalikuwa ya kusikitisha. Kati ya mwaka 1969 na 2000, kinamasi cha Dunga karibu na Kisumu kilipoteza takriban nusu ya mafunjo yake. Koguta, kilicho mashariki kutoka Kendu Bay kuelekea Kisumu, kilipoteza karibu kiasi hicho hicho, nacho Kusa kikapoteza takriban theluthi moja.

Malale, bunduki na jembe

Waingereza walipofika Nyanza Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, waliweka kituo Karungu, kando ya ziwa, kabla ya kuhamia nyanda za juu na kuanzisha Kisii mwaka wa 1907. Sababu mojawapo ya kuukimbia ufuo ilikuwa magonjwa. Malale yalikuwa yameingia kutoka Uganda, ambako yaliua watu wapatao robo milioni katika miongo miwili ya kwanza ya karne hiyo. Mbung'o wa kando ya maji aliwauma wavuvi na wanawake waliokwenda kuteka maji, na vijiji vingi vya ufuoni na visiwani vikahamwa au vikafa.

Athari yake kwa ardhi oevu ilikuwa ya ajabu kidogo. Kwa upande mmoja, vichaka na mafunjo vilipata kupumua kwa sababu binadamu walikuwa wachache. Kwa upande mwingine, kinamasi kilianza kutazamwa na watawala kama adui: makao ya mbung'o na mbu, ardhi isiyozaa kodi. Ndiyo fikra iliyorithiwa na serikali ya baada ya uhuru bila kuhojiwa sana, nayo ikaendelea kuitwa maendeleo kila ilipotajwa.

Bonde la Lambwe lilikuwa uwanja wa mapambano hayo. Vichaka vilifyekwa, dawa zikanyunyizwa, na watu wakapewa mashamba katika miaka ya 1950. Sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka wa 1966 na kupandishwa hadhi kuwa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma mwaka wa 1983. Ina ukubwa wa kilomita mraba 120, nayo ndiyo mahali pekee nchini Kenya ambapo korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, angali anapatikana porini. Kwa hakika mbung'o ndiye aliyemlinda swala huyo kwa kuwafukuza wakulima. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitambua kuwa Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma, na hivyo kizuizi cha mwisho cha asili dhidi ya jembe katika bonde hilo kimeondoka.

Uvuvi nao ulibadilika. Nyavu za makila zililetwa ziwani mwaka wa 1905. Mwingereza Michael Graham alipofanya uchunguzi wa ziwa zima mwaka wa 1927 na 1928, alikuta ngege wameanza kupungua katika Ghuba ya Winam, akapendekeza macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Nyavu zilipotandazwa midomoni pa mito, ningu walinaswa kabla ya kuzaa, mwaka baada ya mwaka, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Zile kek hazikuwa na kazi tena.

Ziwa lilipodai chake

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilinyesha Afrika Mashariki kwa kiasi ambacho wazee hawakukumbuka mfano wake. Ziwa Victoria liliendelea kupanda hadi mwaka wa 1964, likaongezeka kina kwa takriban mita mbili na nusu. Gati za bandari ndogo zilifunikwa, mashamba ya ufuoni yakazama, na mafunjo mengi yaking'olewa na mawimbi yaliogea ziwani kama visiwa. Kwa kuwa mafuriko hayo yaliambatana na uhuru wa nchi hizi, mvua ile iliitwa kwa jina hilo: mvua ya Uhuru.

Ilikuwa katika miaka hiyo ambapo mji wa Homa Bay ulianza kukua kwa nguvu kama makao makuu ya Wilaya ya South Nyanza. Ofisi, hospitali, shule na makao ya wafanyakazi yalihitaji nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa kati ya mlima Asego na ziwa. Mitaa kama Shauri Yako na Makongeni ilijaa watu. Hakuna aliyeuliza maji yangepita wapi yakishuka kutoka mlimani, kwa sababu wakati ule nyumba zilikuwa chache na nyasi nyingi.

Hapa ndipo kiini cha tatizo la leo kilipo. Baada ya 1964 ziwa lilianza kushuka, polepole, huku likipanda kidogo mara moja moja. Kila liliposhuka liliacha ardhi nyeusi yenye rutuba. Mtu alilima msimu mmoja, akapanda ndizi, akajenga kibanda, mwanawe akajenga nyumba ya mawe. Mwaka wa 2006 ziwa lilifikia kiwango cha chini kabisa kwa muda wa takriban miaka 80, kutokana na ukame pamoja na maji mengi kupita kiasi kuachiliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda. Mashua zilikwama topeni na wafanyabiashara wa samaki walilazimika kutembea mbali zaidi kuzifikia. Ardhi iliyokuwa ziwa mwaka wa 1964 ilikuwa sasa shamba la mtu, wakati mwingine lenye mpaka uliokubaliwa na mzee wa mtaa.

Mei 2020 ziwa lilirejea katika kiwango cha 1964 na kukipita kidogo. Familia nyingi katika Homa Bay, Rachuonyo, Suba na Nyatike zilihama makwao. Vyombo vya habari viliyaita mafuriko, na ni kweli yalikuwa mafuriko kwa aliyelala ndani ya nyumba. Lakini kwa kipimo cha ziwa, yalikuwa ni kurudi mahali palepale. Mnamo 2024 maji yalipanda tena baada ya mvua kubwa za masika, na baadhi ya waliokuwa wamekwisha kukarabati nyumba zao wakahama kwa mara ya pili.

Wakazi wa Kendu Bay wana kisa chao cha kale kuhusu jambo kama hilo. Ziwa dogo la Simbi Nyaima, lililo ndani ya kreta, inasemekana lilikuwa kijiji. Mwanamke mzee alifika humo wakati wa mvua na sherehe akiomba hifadhi, akafukuzwa na wote ila mwanamke mmoja. Akamwonya huyo mwenyeji wake aondoke, na kijiji kikazama usiku huo. Wanajiolojia wana maelezo mengine ya kreta hiyo, bila shaka.

Tuta la Mbita

Turejee sasa Mbita. Rusinga ni kisiwa cha watu wengi, na kilikuwa na jina kubwa katika siasa za nchi: Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969, amezikwa huko. Mbita Point yenyewe ilikuwa imepata kituo kikubwa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1970 na mwanasayansi Thomas Odhiambo. Wagonjwa, wanafunzi na samaki walihitaji kuvushwa kila siku. Tuta la mawe lilikuwa suluhisho rahisi na la bei nafuu kuliko daraja.

Haki itendeke kwa waliolijenga. Lilifanya kazi iliyokusudiwa. Wajawazito walifika hospitali, na bei ya bidhaa madukani Rusinga haikutegemea tena upepo. Hitilafu yake ni kwamba halikuachiwa nafasi ya maji kupita. Mkondo uliokuwa ukiingia na kutoka kwenye ghuba kupitia hapo ulikoma. Mashapo yakaanza kutuama pande zote mbili, maji yakatulia na kunuka, na samaki waliokuwa wakipita wakatafuta njia nyingine. Wavuvi waliotaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine walilazimika kukizunguka kisiwa kizima.

Kisha likaja gugumaji. Mmea huu wa asili ya Amerika Kusini ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuenea katika Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990. Kufikia mwaka wa 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 17,000 za ghuba hiyo. Bandari za Homa Bay na Kendu Bay zilizibwa mara kwa mara. Watu walitegemea upepo ubadilike ndipo mashua zitoke. Gati moja ilifunguka asubuhi na kufungwa jioni. Fukusi wanaokula mmea huo, walioachiliwa kuanzia mwaka wa 1997, walisaidiana na mawimbi na hali ya hewa kuupunguza sana mwishoni mwa muongo huo, lakini gugumaji lilirudi mwaka wa 2006 na 2007, na limeendelea kurudi kila mvua inaposomba mbolea na majitaka kuingia ziwani.

Wakazi wengi walisadiki kwamba tuta la Mbita ndilo lililofungia gugu hilo ndani. Imani hiyo ina ukweli nusu. Mlango wa kaskazini wa Rusinga ni mkubwa mara nyingi zaidi, na maji mengi ya ghuba yamekuwa yakipitia huko daima. Hata Mbita ingekuwa wazi, gugumaji lingestawi Kisumu na Homa Bay kwa sababu chakula chake hutoka mitoni na mijini. Hata hivyo, kwa ghuba ndogo za karibu na Mbita, tuta lilikuwa ndilo tofauti kati ya maji yanayotembea na maji yaliyokufa. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, daraja lilijengwa katika nusu ya pili ya muongo wa 2010 na sehemu ya tuta kuondolewa. Maji yalipita tena. Mashua nazo zikapita chini ya magari.

Ni mara chache nchini mwetu kijito kilichozibwa na serikali kikafunguliwa na serikali. Nairobi na Mombasa zina mifano mingi ya kuziba.

Mto Kuja na uwanda wa Nyatike

Migori haina kisa cha namna hiyo cha kufurahisha. Mto Kuja, ambao katika nyanda za juu za Kisii huitwa Gucha, hushuka kutoka milima yenye watu wengi sana na mashamba madogo yaliyolimwa hadi ukingoni. Mto Migori, ulioupa mji na kaunti jina lake, hutoka upande wa Trans Mara na kupita katikati ya mji kabla ya kuungana na Kuja. Miaka mingi iliyopita mji huo ulikuwa soko la Suna tu kando ya barabara ya kwenda Isebania na Tanzania.

Mambo matatu yaliubebesha mto huo mzigo. Madini yalikuwa la kwanza. Dhahabu ilianza kuchimbwa sehemu za Migori kati ya vita viwili vya dunia, na mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder ukafanya kazi hadi ulipofungwa mwaka wa 1966. Kituo cha umeme cha megawati mbili kilijengwa kwenye maporomoko ya Gogo katika miaka ya 1950 ili kuuhudumia. Kampuni ilipoondoka, wachimbaji wadogo walibaki, na wengi wao hadi leo hutumia zebaki kunasia dhahabu, mara nyingi wakiosha udongo karibu na vijito. La pili ni tumbaku, iliyokuzwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 na iliyohitaji kuni nyingi za kukaushia. La tatu ni miwa, hasa baada ya kiwanda cha sukari cha South Nyanza kuanza kazi Awendo mwaka wa 1979. Miti ilipungua, na udongo ukafuata maji.

Udongo huo hushuka hadi Nyatike, ambako mto hupunguza mwendo katika uwanda tambarare kabla ya kuingia ziwani. Zamani mafuriko ya Kuja yalitawanyika katika vinamasi vya mdomoni na kutulia. Siku hizi sehemu kubwa ya uwanda huo inalimwa na kukaliwa, nao mto, ukiwa umejaa mashapo, hupasua kingo zake kila mvua inapozidi. Vijiji vya Kabuto na Angugo vimetajwa katika taarifa za mafuriko kwa miaka mingi mfululizo kiasi kwamba majina hayo yamekuwa kama ya msimu. Kuta za udongo zilijengwa kuuzuia mto. Zilisaidia pale zilipokuwa imara, na pale zilipobomoka maji yaliyoingia yalishindwa kutoka.

Mradi wa unyunyizaji maji wa Lower Kuja umeugeuza uwanda huo kuwa mashamba ya mpunga. Vivyo hivyo Homa Bay, mradi wa Kimira-Oluch, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kuanzia mwaka wa 2006, ulilenga hekta 1,474 kwa kutumia maji ya Awach Kibuon na Awach Tende. Mtu hawezi kuulaumu mchele katika kaunti ambazo hupata njaa huku zikilitazama ziwa. Hata hivyo, maji yanayoingizwa mashambani hurudi ziwani yakiwa na mbolea, na mafunjo yaliyokuwa yakiyachuja midomoni mwa mito hiyo yamepungua.

Sheria na kipimo

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhi oevu mwaka wa 1990. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilizaa mamlaka ya NEMA, na kanuni za mwaka 2009 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fuo za maziwa ziliweka eneo la hifadhi lisilopungua mita sita wala kuzidi mita 30. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma.

Neno muhimu katika kanuni hizo ni mahali kipimo kinapoanzia: kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufikia. Katika Homa Bay kiwango hicho kilikuwa cha mwaka 1964, na tangu 2020 kimesogezwa juu zaidi. Ukianza kupima hapo, sehemu kubwa ya majengo ya ufuoni yamo ndani ya hifadhi, yakiwemo ya watu binafsi na ya umma. Ndiyo maana maafisa huweka alama nyekundu kwenye kuta na alama hizo hufifia kwa jua.

Serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka wa 2013 zilirithi mzozo huo zikiwa na watu wengi zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Wengi wa wanaoishi karibu na maji hawana hati za ardhi wala mahali pengine pa kwenda. Kuna pia wenye uwezo, waliojaza kifusi ufuoni na kujenga hoteli, ambao mawimbi ya 2020 yaliwakuta wamelala sawa na wengine.

Mafunjo yenyewe hayajangoja uamuzi. Ziwa lilipopanda, yaliota tena katika baadhi ya mashamba yaliyozama, kati ya migomba iliyokufa na nguzo za nyua. Akina mama wanaosuka mikeka wamerudi kuyakata humo, na wenye mashamba hayo wameanza kuwatoza ada.